Kiingereza cha kuumwa: shule ilitupa "I am suffering from malaria", wageni wanaongea kingine kabisa

MapokeziCapri
Wadau, habari za jioni. Nipo mapokezi kwenye hoteli moja huku Capri Point, Mwanza, na kuna jambo linanikera muda mrefu, nataka tulijadili.

Kiingereza tulichosoma kinajua majina ya magonjwa lakini hakijui kuumwa. Tulikariri malaria, typhoid, cholera, na mbele yake tunabandika "I am suffering from". Mgeni anayeumwa haongei hivyo. Juzi mmoja wa kutoka Manchester alishuka ngazi asubuhi, akashika kaunta, akasema "I feel sick". Mwenzangu wa zamu akanyanyua simu kuita gari la hospitali. Wakati anapiga, mgeni akatapika pale pale kwenye zulia. Alichokuwa anaomba ni choo kilipo, au hata mfuko tu.

Wiki hiyo hiyo mwingine akasema "I think I've picked up a bug". Mtu wa usafi akapanda chumbani kwake na dawa ya kunguni, kumbe alimaanisha amepata kaugonjwa ka kuambukiza.

Mgeni akiumwa mbali na kwao anaogopa kuliko anavyoonyesha. Sisi ndio watu wa kwanza kumsikia, kwa hiyo tukimwelewa vibaya tunamuumiza. Naombeni misemo wanayotumia kweli, na mwenye kujua kwa nini sisi wenye Kiingereza cha miaka yote ile tunakwama hapa, aseme.

Sangara_Mkubwa
Naweka kambi hapa.

MwalimuSengerema
Mleta uzi, asante, ila usitubebeshe walimu mzigo wote. "Suffering from" si kosa. Ni lugha ya faili na ya gazeti, na ndiyo inayokuja kwenye mtihani. Mtoto wa Fomu Wani nina vipindi vyake vya kuhesabu, darasa limejaa hadi dirishani, na mada ya kwenda hospitali ina kurasa chache tu. Nafundisha kinachoulizwa.

Kwa mazungumzo ya kawaida shika "I've got": "I've got a headache", "I've got a sore throat", "I've got a cold". Na hiyo ya mwisho uiangalie sana, kwa sababu "I've got a cold" ni mafua na "I'm cold" ni kusikia baridi. Mgeni wa mafua ukimpelekea blanketi atashukuru, lakini hujamsaidia.

NesiWaMlimani
Mwalimu umesema vizuri. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, niongeze yanayotusumbua wodini.

Mwingereza akisema "I've got a temperature", maana yake ana homa. Usimjibu kwamba kila mtu ana joto. Akisema "I'm running a temperature" ni kitu kile kile. Akisema "I'm coming down with something", hajaugua sawasawa bado, anasikia dalili zinaanza: mwili mzito, viungo vinauma, koo linakwaruza. Huyo mshauri apime malaria mapema, asisubiri kesho.

Ila kwangu shida kubwa ipo upande wetu, tunapowatafsiria wagonjwa wetu kwa madaktari wageni wanaokuja kujitolea. Viungo vyetu havigawanyiki kama vyao. Mguu kwetu unaanzia pajani hadi vidoleni, wao wana "leg" na "foot". Mkono wetu unaanzia begani, wao wana "arm" na "hand". Nimeona ndugu wa mgonjwa akitafsiri "hand" wakati bibi ameanguka akaumia juu ya kiwiko, na daktari akakaa anabonyezabonyeza kiganja, bibi anamtazama tu. Kiuno ndiyo usiseme! Mama anasema kiuno kinauma, kijana anatafsiri "waist". Daktari anachotaka kusikia ni "lower back".

Na chembe ya moyo. Hapo nawaomba sana. Mtu akisema anaumwa chembe ya moyo anaonyesha hapa chini ya kifua, mwanzo wa tumbo, na mara nyingi ni vidonda vya tumbo au asidi. Ukitafsiri "heart", mgonjwa anakwenda kupimwa moyo. Sema "upper stomach", halafu mwambie mgonjwa aweke kidole panapouma. Kidole hakihitaji mkalimani.

DadaNansio
Nesi hapo kwenye chembe ya moyo umenigusa. Baba yangu alipimwa moyo, majibu safi, akarudi nyumbani anaendelea kujikunja vile vile. Ilikuwa vidonda.

LeedsKwaSasa
Nipo Uingereza masomoni, kwetu Nyegezi. Nimpe mleta uzi jibu la "I feel sick", maana limewatesa wengi.

Huku "I feel sick" ni kichefuchefu, na "I've been sick" ni nimetapika. Kuumwa kwa jumla wanasema "I'm ill" au "I don't feel well". Mwenzangu wa chumba, Mtanzania pia, alipiga 111. Hiyo ni namba yao ya ushauri wa afya kwa jambo lisilo la dharura kubwa, ya dharura ni 999. Akaulizwa "Have you been sick?" Akajibu ndiyo, tangu Jumatatu. Yule wa kwenye simu akaanza kuuliza habari za maji mwilini, mkojo una rangi gani, anaweza kushikilia chakula tumboni. Jamaa alikuwa na kikohozi tu.

Ukienda Marekani hali inageuka, "I'm sick" ni naumwa, chochote kile. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote jua mgeni ametokea wapi.

Halafu huku Kaskazini wana neno "poorly". Mtoto hajaenda shule, "he's poorly". Lakini muuguzi akikwambia mgonjwa wako "is very poorly", nenda hospitali haraka, hali ni mbaya.

Nshomile_Halisi
Mmesahau mfalme wa misemo yote: "I'm a bit under the weather". Maana yake sijisikii vizuri, si sana. Asili yake ni meli za zamani. Baharia akiugua anashushwa chini ya sitaha, mbali na upepo na mvua. Yupo chini ya hali ya hewa. Ndiyo hivyo.

Sangara_Mkubwa
Nilijua tu Kiingereza kikitajwa watu wa Bukoba mtavuka ziwa hata usiku 😂

Nshomile_Halisi
Tunavuka na kamusi mkononi. Karibu.

BwiruZamani
Mkuu Nshomile, hiyo ni hadithi mojawapo tu. Mimi niliyosikia ni kwamba nahodha alikuwa na daftari la safari, lenye safu ya wagonjwa na safu ya hali ya hewa. Wagonjwa wakizidi, majina yanaandikwa kwenye safu ya hali ya hewa. Ya tatu inataja upande wa meli unaopigwa na upepo, aliyekaa zamu upande huo ndiye anayeugua. Zote tatu zinasimuliwa kwa kujiamini na zote zinamtaja baharia, lakini sijaona anayeleta daftari lenyewe.

NahodhaMstaafu
Mimi si msomi wa lugha, nimefanya kazi kwenye vyombo vya ziwani maisha yangu yote. Hadithi ya kwanza naiamini. Upepo ukichafuka kati ya hapa na Ukerewe, abiria anayetapika tunamtoa juu, tunamketisha chini, katikati ya chombo. Mbele na nyuma kunapanda na kushuka, juu kunayumba, katikati ndiko kumetulia. Tunamwambia asitazame sakafu. Mabaharia wa kila maji watakuwa waliligundua hilo.

DadaNansio
Kapteni shikamoo. Mimi nimezaliwa kisiwani na nasema ukinishusha chini kwenye harufu ya dizeli na dagaa ndiyo unanimaliza. Niache juu nipate upepo, nitazame nchi kavu.

NahodhaMstaafu
Marahaba mwanangu. Kutazama nchi kavu ni sawa kabisa. Dizeli hapo sibishi.

DerevaNdabaka
Huku barabarani nina yangu. Nabeba watalii Mwanza hadi Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Mgeni akisema "I get carsick", mweke mbele, fungua kioo, punguza mwendo kwenye kona. Waingereza wengine wanasema "travel sick". Usisubiri aseme mara ya pili.

Sasa kuna hili la namba. Nilikuwa na mama wa Kimarekani, homa imempanda, kipima joto changu kinasoma 39. Akampigia mwanawe kwao. Mwanawe anashangaa kwenye simu, thelathini na tisa vipi? Kwao hiyo ni baridi ya kwenye friji! Wanatumia Farenhaiti. Tangu siku hiyo nimeandika kwenye dashibodi: 37 ni 98.6, 38 ni 100.4, 39 ni 102.2, 40 ni 104. Mmarekani akikwambia "I have a hundred and two" anaongelea homa, na si ndogo.

MapokeziCapri
Dereva, hizo namba nazibandika kaunta kesho asubuhi.

FundiDawa
Nauza dawa Igoma. Wamarekani wanakuja wanauliza Tylenol au "acetaminophen", vijana wangu walikuwa wanajibu hakuna. Ipo! Ndiyo paracetamol hiyo hiyo. Na hapa kuna hatari: mgeni ana acetaminophen yake kwenye begi, sisi tunampa Panadol, anameza zote mbili akidhani ni dawa tofauti. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, maana ini ndilo linaloumia. Muulize kwanza amemeza nini tangu asubuhi.

Lingine, "heartburn" ni kiungulia. Moyo haumo kabisa.

NesiWaMlimani
Fundi, kwenye kiungulia nakuongezea tahadhari. Mgeni mwenye umri akisema "heartburn" huku anatoka jasho jembamba, au anasema "my chest feels tight", au maumivu yanapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, usimuuzie dawa ya kiungulia. Mpeleke. Watu wanajipa moyo kwa kuchagua jina dogo.

Kijana_Malimbe
Mbona mnatisha. Mimi naongoza wageni kisiwa cha Saanane. Jua linazama, msichana mmoja anapaza sauti "That's sick!" Nikamuuliza kama anataka kurudi. Kumbe amefurahi.

LeedsKwaSasa
😂 Hiyo ni ya vijana. Kitu kikali sana ni "sick". Angalia uso wake, utajua.

MwalimuSengerema
Turudi kwenye swali la mleta uzi, kwa nini tunakwama. Mimi naona ni muundo wa Kiswahili. Kwetu mtu ndiye anaumwa: naumwa kichwa, naumwa tumbo. Au kiungo chenyewe kinauma. Ndiyo maana tunaandika "my head is paining me" na "I am paining". Wao wanasema "my head hurts", basi. Na "running stomach" tunayoitumia Afrika Mashariki nzima, Mwingereza anaisikia mara ya kwanza hapa. Anaelewa, kwa sababu anajua "runny nose". Kwao tumbo la kuendesha ni "I've got the runs" kwa rafiki na "diarrhoea" kwa daktari.

DadaNansio
Mwalimu mimi sikubali kwamba ni muundo. Ni haya. Nenda wodini umsalimie mgonjwa mwenye dripu mkononi, "Hujambo?" Atakujibu "Sijambo". Shikamoo, marahaba, habari za tangu jana, nzuri, nyumbani wazima, wazima. Ndipo mwishoni anasema "ila mwili huu". Tumelelewa tusianze na maumivu. Mtu wa namna hiyo hata umpe Kiingereza chote atajibu "fine".

LeedsKwaSasa
Basi DadaNansio njoo huku, utafikiri umefika Ukerewe. Profesa wangu alikuja kufundisha sauti imekauka, macho mekundu, anasema "not too bad, thanks". "A bit rough" ya Mwingereza inaweza kuwa usiku mzima hajalala. Akikwambia "not a hundred per cent" mpe kiti. Kwa hiyo haya tunayo wote, haiwezi kuwa ndiyo sababu ya sisi kukwama.

BwiruZamani
Au inaweza. Wao wanajuana wanavyopunguza, sisi tunavyopunguza wanatuchukulia neno kwa neno. Na sisi "a bit" yao tunaichukulia kidogo kweli.

FundiDawa
Mimi nasema ni malaria tu. Tumekulia mahali ambapo kila homa inaitwa malaria, ndiyo maana hatukuhitaji maneno mengine. Mteja anaingia dukani, hasemi anasikiaje, anasema "nipe ya malaria". Namwambia apime kwanza, ananuna.

NesiWaMlimani
Hapo una ukweli. Na kinyume chake kipo. Mgeni akisema "hay fever", wahudumu wanakimbilia kipimo cha malaria. Hiyo haina homa, ni aleji ya chavua: chafya, macho yanawasha, pua inatiririka. Anahitaji dawa ya aleji. Lakini mgeni mwenye homa ya kweli, hata akisema "it's just flu", apime. Mbu wa ziwani hajali amekuja likizo.

DerevaNdabaka
Nesi na kichocho je? Wageni wanapenda kuogelea, tukiwakataza wanaona tunawabania.

NesiWaMlimani
Waambie ukweli mapema. Kichocho kipo ufukweni, hasa penye konokono na majani. Vimelea vinapita kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Mwingine atawashwa siku hiyo hiyo, mwingine hatasikia kitu. Homa, kikohozi au uchovu vinaweza kuja wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshafika kwao, na daktari wa kule hana wazo.

Kwa hiyo wafundisheni wageni sentensi moja ya kwenda nayo: "I swam in Lake Victoria." Daktari anayejua magonjwa ya kitropiki akiisikia hiyo anajua aanzie wapi. Dawa ni praziquantel. Inaua minyoo iliyokomaa, ndiyo maana kupima na kutibu kunasubiri wiki kadhaa tangu mtu alipoingia majini. Akienda kupimwa siku ya pili atapewa majibu safi, halafu atasahau.

Kijana_Malimbe
Hii nimeinakili. Wageni wangu wengi wanaruka majini bila kuuliza.

Sangara_Mkubwa
Na sisi tunaoga humo tangu utotoni je?

NesiWaMlimani
Wewe ndiye wa kwanza kumeza dawa. Watoto wanapewa shuleni, watu wazima wa mialoni ndio tunaowakosa. Ukiona damu kwenye mkojo au choo usikae kimya, njoo.

Nshomile_Halisi
Nina la "sorry". Mgeni amejikwaa, sisi wote "sorry, sorry!" Anajibu "it wasn't your fault". Pole yetu kwa Kiingereza inageuka kukiri kosa. Mnasemaje nyie?

LeedsKwaSasa
Mtu akikwambia anaumwa, "I'm sorry to hear that" inakubalika na ni adabu. Wakati wa kuondoka, "Get well soon" au "I hope you feel better". Akijikwaa, "Are you all right?" inatosha.

DadaNansio
Lakini hiyo haijafika kwenye pole. Pole yetu mtu anaisikia mwilini. Mimi nitaendelea kuwaambia "pole" kwa Kiswahili, na wageni wakikaa siku mbili wanaizoea, wanaanza kutuambia na sisi.

MwalimuSengerema
Naunga mkono. Hilo tusiwatafsirie, wajifunze.

Kijana_Malimbe
Swali la mwisho kwa nesi. Ganzi wanaitaje? Mgeni wa mtumbwi alikaa vibaya akaanza kupiga mguu chini, anasema "my foot's asleep".

BwiruZamani
"Pins and needles".

NesiWaMlimani
Zipo mbili. Ile ya kuchomachoma mguu ukiamka ni "pins and needles", inapita yenyewe. Ganzi ya kutosikia kabisa ni "numb". Akisema "numb" upande mmoja wa mwili, au mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki vizuri, hapo hakuna kutafuta msemo, ni hospitali dakika hiyo. Na uandike saa ilipoanza, daktari ataiuliza kabla ya kitu kingine.

MapokeziCapri
Wakuu, asanteni. Nimeshaandika karatasi ya kaunta: namba za Dereva, swali la Fundi kuhusu dawa alizomeza, "sick" ya Uingereza na ya Marekani, sentensi ya ziwa. Kuhusu sababu naona hamjakubaliana, na mimi bado nasimama na shule, Mwalimu unisamehe.

Kundi la Alhamisi ni Wajerumani watupu, na kiongozi wao ameniandikia kwamba wazee wawili wana presha. Kuna mwenye Kijerumani humu?

MwalimuSengerema
Umesamehewa, ila Fomu Wani wangu nitawapa kazi ya chembe ya moyo wiki ijayo. Kijerumani sina. Kwenye misheni moja huku kwetu kuna sista wa Kijerumani amezeeka na sisi, nitamuuliza Jumapili.

DerevaNdabaka
Jumapili Wajerumani watakuwa wameshaondoka, Mwalimu. Mpigie leo.